Kauli isiyo na pa kukosea

Wanafunzi wangu wa uzamili wakileta maandiko yao ya utafiti, mimi huanzia kwenye nadharia tete, yaani dai ambalo utafiti unakwenda kulipima. Mara nyingi nakuta kitu kama "Lishe ina mchango katika afya ya mtoto." Sawa, nani atabisha? Ndiyo shida yenyewe. Hakuna kipimo kinachoweza kurudi na jibu la kuiangusha.

Hapo huwasimulia habari za Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Mwaka 1949, akiwa bado mwanafunzi, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za Kenya akitafuta jeni ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria waliokuwa nayo walizidi asilimia 20. Nyanda za juu hawakufika asilimia moja. Ajabu ni kwamba mtoto aliyerithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama, enzi hizo, aghalabu alifariki kabla ya kufikia umri wa kuzaa. Jeni ya namna hiyo ilitakiwa ipungue kila kizazi. Mbona imejaa ziwani?

Allison akawaza: pwani na ziwani kuna malaria, kwenye baridi ya milimani haipo. Huenda mwenye jeni moja tu, aliyoirithi kwa mzazi mmoja, ana kinga fulani.

Wengi wangeishia hapo na kuita hiyo nadharia tete iliyothibitishwa, kwa kuwa ramani inakubali. Lakini ramani ndiyo iliyomletea wazo. Haiwezi tena kuwa shahidi wake. Ilibidi wazo litoe dai jipya, ambalo matokeo yake hayajaonekana bado: katika eneo lile lile, watoto wenye jeni moja wawe na vimelea vya malaria kwa uchache kuliko wenzao. Nasema watoto kwa sababu watu wazima wa maeneo hayo wameshaumwa na mbu miaka na miaka, wamejijengea kinga yao, na tofauti ingefichika.

Mwaka 1953 alirudi, akapima watoto 290 wa Kiganda karibu na Kampala. Wenye jeni walikuwa 43, na 12 kati yao walikutwa na vimelea, yaani asilimia 28. Kati ya 247 wasio nayo, 113 walikuwa navyo: asilimia 46. Zingelingana, wazo lingekuwa mashakani.

Watoto 43 ni wachache, nakubali. Allison aliongeza jaribio la kuwaambukiza malaria kwa makusudi Waluo wazima 30. Kati ya 15 wasio na jeni, 14 walipata vimelea. Kati ya 15 wenye jeni, wawili tu. (Leo kamati ya maadili isingelipitisha, na ingefanya vyema.)

Je, nadharia tete lazima iwe ya kweli? Hapana. Wapo waliosema jeni ile haipungui kwa sababu mabadiliko mapya ya kijeni yanaizalisha upya kila mara. Hiyo nayo ilikuwa nadharia tete halali, maana ilidai kitu kinachopimika: wawepo watoto wengi wagonjwa ambao mama zao hawana jeni hiyo. Kina mama wa watoto kama hao walipopimwa katika Kongo ya Wabelgiji, karibu wote walikuwa nayo.