Lala Lisbon, Toka Kila Asubuhi

Kazi yangu ni kuongoza wageni Mji wa Kale, Mombasa. Karibu kila siku nasimama mbele ya Fort Jesus nikieleza vile Wareno walivyoijenga kuanzia 1593 hadi 1596, kwa hiyo nilipopata likizo ndefu nikasema niende nikawaone hao hao kwao. Nimerudi Ureno mara mbili tangu wakati huo. Anayeniuliza apange vipi humwambia jambo moja: usihamehame hoteli. Chukua chumba Lisbon, toka asubuhi, rudi jioni. Siku moja, mahali pamoja, na chakula cha mchana ukile huko huko ulikokwenda.

Belém, mtaa wa Lisbon, ni karibu, unafika kwa tramu namba 15. Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16, enzi ya mfalme Manuel wa Kwanza, na fedha nyingi zilitokana na ushuru wa biashara ya Afrika na Asia, viungo vikiwemo. Ndani ya kanisa lake yumo Vasco da Gama, amechongwa kwa jiwe, kalala chali, viganja vimekutana kama mtu anayeomba. Alifia Cochin, India, mwaka 1524, na mabaki yake hayakuletwa humu hadi karne ya 19. Huyu ndiye aliyefika kwetu Aprili 1498. Mombasa haikumpokea vizuri. Malindi ikampa rubani wa kumvusha hadi India. Nilisimama hapo nikajichekea kimoyomoyo. Usiende Jumatatu, hufungwa.

Hatua chache kutoka hapo kuna duka la vitobosha vya mayai lililoanza 1837. Si vitobosha hasa, ila sina neno bora: kikombe cha unga mwembamba wa tabaka tabaka, ndani kastadi ya viini vya mayai iliyoungua kidogo juu. Foleni unayoiona barabarani ni ya wanaofungiwa vyao waende navyo. Ipite, ingia ndani, kuna kumbi kubwa za kukaa. Kinyunyizie mdalasini kikiwa bado moto. Kikipoa, basi tena.

Sintra kila mtu atakutajia. Ni dakika 40 hivi kwa treni kutoka stesheni ya Rossio, kasri la Pena lina rangi kama keki ya harusi, na watu ni wengi mno. Mimi naona ngome ya Wamoor, yaani Waislamu waliotawala huko zamani, iliyo mlima huo huo inakulipa zaidi: kuta tupu, upepo, na bahari kwa mbali. Pita pia chini mjini uone bomba mbili za moshi za jiko la kifalme, kila moja mita 33 kwenda juu. Hilo ni jiko tu.

Siku yangu niipendayo ni ya Évora, kama saa moja na nusu kwa treni kwenda mashariki. Juu ya mji kuna hekalu la Kirumi la karne ya kwanza, nguzo 14 bado zimesimama. Sababu ya kusalimika kwake hunifurahisha kuwasimulia wageni: watu waliziba nafasi za kati ya nguzo kwa ukuta, wakaligeuza bucha, na likabaki bucha hadi karne ya 19. Nyama ndiyo iliyolinda mawe. Kisha teremka hadi kanisa la São Francisco, kwenye chumba ambacho kuta zake zimepambwa kwa mifupa na mafuvu ya watu. Juu ya mlango wameandika: sisi mifupa tuliomo humu tunaingoja yenu.

Ukitoka humo hutatamani kitu kizito. Agiza açorda. Kitunguu saumu, dania na chumvi hupondwa kwenye kinu, hutiwa mafuta ya zeituni, kisha maji yanayochemka, mkate wa jana na yai. Chakula cha wakulima wasio na kitu, na harufu yake inakufikia kabla ya bakuli. Eneo hilo nguruwe yumo karibu kila chungu, hata pamoja na kombe za baharini, kwa hiyo asiyemla akariri neno porco na aulize bila haya.

Sasa mkate. Siku yangu ya kwanza, mkahawa mmoja wa katikati ya Lisbon uliniwekea mkate, zeituni na jibini kabla sijaagiza chochote. Nikadhani ni ukarimu, nikamaliza. Vyote vilikuja kwenye bili. Ndiyo desturi ya nchi nzima: usichokigusa hulipii, unaweza kukirudisha.

Samaki wao mkuu, bakalau, atamshangaza mtu wa pwani. Ni ng'onda! Kakaushwa kwa chumvi, analowekwa siku moja au mbili akibadilishiwa maji, na hata hatoki bahari yao. Huletwa kutoka kaskazini, hasa Norwei.

Na lugha usiiogope. Meza ni mesa, bendera ni bandeira, na gereza letu limetoka kwenye igreja, yaani kanisa. Usiku wa mwisho niliagiza kuku wa kuchoma, mhudumu akauliza kama nataka piri-piri. Nikamjibu ndiyo, pilipili. Akanisahihisha matamshi.