Kasi kikomo: ni nini hasa kinachokoma?

Nimesikia tena maelezo ya kuruka kwa parachuti yakisema mrukaji "hufikia kasi kikomo anapokaribia ardhi", na kwamba hapo graviti, yaani mvuto wa dunia, huwa imeisha. Yote mawili si kweli.

Kasi kikomo ni kasi ambayo kitu kinachoanguka hewani huwa nayo pale ukinzani wa hewa unapolingana na uzito wake. Kani hizo mbili, ya kuzuia na ya kuvuta, zikishatoshana, kasi haiongezeki tena. Basi.

Kinachopoteza watu ni neno lenyewe. Kikomo limetokana na koma, lilelile analoambiwa mtoto anayechezea moto: koma! Sikio likishasikia hivyo, akili inakimbilia mwisho wa safari. Wengine huliona kama kikomo cha mwendo cha barabarani, ambacho ni amri ya mtu, kimewekwa kimoja na hakibadiliki. Hapa hakuna aliyeamuru. Mwendo haukomi, maana mtu anaendelea kushuka mita 55 hivi kila sekunde. Graviti nayo haijakoma. Uzito ni uleule aliopanda nao ndegeni. Kilichokoma ni mchapuko, yaani kule kuongezeka kwa kasi.

Tena hukoma mapema. Anayeshuka kifudifudi, mikono na miguu ameitanua, hufika hapo baada ya sekunde kama 12, ardhi ikiwa bado mbali, kwa kasi ya karibu kilomita 200 kwa saa. Akijigeuza kichwa chini, hewa inapata sehemu ndogo ya kumzuia, na kikomo kinapanda kupita kilomita 240. Parachuti ikifunguka, kinashuka hadi mita 5 au 6 kwa sekunde. Mtu ni yuleyule na mruko ni mmoja, lakini vikomo ni vitatu.

Felix Baumgartner, mrukaji wa parachuti kutoka Austria, aliporuka kutoka kilomita 39 hivi juu ya New Mexico, Marekani, tarehe 14 Oktoba 2012, alifikia kilomita 1,357 kwa saa, kupita kasi ya sauti, kwa kuwa kule juu hewa ni nyembamba mno. Kisha kasi yake ikaanza kupungua, parachuti ikiwa bado mgongoni. Alikuwa anaingia kwenye hewa nzito zaidi, ukinzani ukauzidi uzito wake, na kikomo kikawa kinashuka pamoja naye.

Anayedhani graviti hupumzika aitazame nishati. Mrukaji wa kilo 80 pamoja na vifaa vyake, kwa mita 55 kwa sekunde, anaipa hewa kilowati 43 hivi, zinazoivuruga na kuipasha joto. Nishati hiyo yote inatokana na graviti kumvuta chini.

Kwa hiyo, ukitaka kutaja kasi ambayo mtu anagusa nayo ardhi, tunalo neno zuri la kasi ya kutua. Kasi kikomo liachie pale kani zinapotoshana, hata kama ni kilomita 2 juu.