Teresa wa Avila na njozi zake: yanayosemwa na yaliyokuwa

Wengi tumemjua Teresa wa Avila, mtawa Mkarmeli wa Hispania, kupitia sanamu ya mchongaji Bernini iliyoko Roma, kanisa la Santa Maria della Vittoria: mtawa kijana, kichwa kimelegea, mdomo wazi, malaika amemsimamia na mshale. Bernini aliichonga kati ya 1647 na 1652. Teresa alikuwa amefariki tangu 1582, na njozi ile ya mshale wa dhahabu ilimjia akiwa mama wa miaka arobaini na ushee. Uzuri wa sanamu siubishii, ila umetupotosha sana. Haya hapa yanayosemwa juu yake, kila moja na jibu lake.

“Alizaliwa na karama ya maono.” Aliingia utawani mwaka 1535, akiwa na miaka 20, na karibu miongo miwili iliyofuata alisali kwa kusuasua. Mwenyewe ameandika jinsi alivyopenda gumzo na wageni wa monasteri, hata akaiacha sala ya moyoni, ile ya kimya isiyo na maneno ya kukariri, kwa zaidi ya mwaka. Kilichomgeuza, mwaka 1554, ni sanamu ya Kristo mwenye majeraha.

“Watu walimwamini mara moja.” Washauri wake wa kwanza walimwambia ni shetani. Padre mmoja alimwamuru kila Kristo anapomtokea amwonyeshe ishara ya dharau kwa vidole. Alitii, huku akiumia moyoni. Tusiwalaumu upesi mapadre wale: mwaka 1546 Magdalena de la Cruz, abesi (mkuu wa watawa) wa Córdoba aliyesifiwa Hispania nzima kwa miujiza, alihukumiwa na Mahakama ya Imani, iliyowaandama walioshukiwa uzushi, baada ya kukiri udanganyifu. Tena babu yake Teresa, Myahudi aliyebatizwa, aliwahi kuadhibiwa na mahakama hiyohiyo kule Toledo.

“Alizitafuta njozi na kuzihimiza kwa wenzake.” Hii ndiyo dhana iliyo mbali zaidi na Teresa halisi. Akihisi anatekwa roho mbele za watu, aliwaomba masista wamshikilie, na alimsihi Mungu asimpe tena neema zinazoonekana hadharani. Alipokuwa mkuu wa watawa akawa mkali zaidi. Anasimulia habari za mtawa aliyekuwa akibaki saa nane katika hali iliyodhaniwa kuwa ya kimungu. Dawa ilikuwa kumwamuru ale, alale na apunguze mfungo, na hali ile ikaisha. Katika kitabu chake cha Ngome ya Ndani anasema waziwazi kwamba wako watakatifu wengi wasiowahi kupata njozi hata moja, na wako wanaozipata wasio watakatifu. Wanaokimbilia kila anayedai kutokewa wangeanza na kurasa hizo.

“Ilikuwa kifafa tu.” Ni kweli aliugua vibaya. Mwaka 1539 alipoteza fahamu kwa siku kadhaa, kaburi likachimbwa, kisha akapooza kwa muda mrefu. Lakini maradhi yale yalitangulia njozi kwa miaka mingi, na wanaompima leo wanapima maandishi tu, mgonjwa hayupo.

“Alijifungia akiota mbingu.” Kuanzia 1562 alianzisha monasteri 17, akisafiri kwa mikokoteni ya nyumbu, akibishania bei za nyumba na kuandika barua za madeni. Balozi wa Papa, Filippo Sega, alimwita mwanamke asiyetulia, mzururaji. Mwaka 1970 Papa Paulo VI alimtangaza Mwalimu wa Kanisa, yaani mtakatifu ambaye mafundisho yake yana uzito kwa Kanisa lote, mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo.

“Ndiye yule mtakatifu anayechorwa na mawaridi.” Huyo ni Teresia wa Mtoto Yesu, Mfaransa aliyefariki 1897, Mkarmeli wa shirika lilelile.

“Tarehe zake zimekosewa.” Alifariki Alba de Tormes usiku wa tarehe 4 Oktoba 1582 na kuzikwa kesho yake, tarehe 15. Usiku huohuo Hispania ilihamia kalenda mpya ya Papa Gregori XIII, siku kumi zikarukwa.