Pinkerton haikubuma, mlikuwa mnaitafuta albamu ya kwanza

Nimechoka kusikia kwamba albamu ya pili ikipondwa wiki ya kwanza, basi bendi imekwisha. Safari hii wamesema vijana wa gitaa wa hapahapa Mtwara, ndani ya studio yetu Chikongola. Wanataka niirudie miksi yao mpya, yaani uchanganyaji wa sauti na vyombo, ifanane na kazi yao ya mwanzo, eti mashabiki wamelalamika WhatsApp. Na mfano waliotoa ni Weezer, bendi ya roki ya Marekani, na albamu yao ya pili, Pinkerton! "Kaka, hata wao Pinkerton iliwaponza."

Haya, tuanze hapo. Albamu ya kwanza ya Weezer, 1994, prodyuza ni Ric Ocasek: gitaa nene, safi, kila kitu kimekaa mahali pake. 1996 wakaja na Pinkerton, uprodyuza wameushika wenyewe. Ngoma zinapasuka, gitaa linapiga fidibaki (ule mlio wa kuvuma sauti ya spika inapolirudia gitaa), mwimbaji wao Rivers Cuomo anaimba upweke na aibu zake bila kuzisitiri. Sasa sikilizeni sauti. Cuomo na wenzake wa bendi, Matt Sharp na Brian Bell, waliimba pamoja wamezunguka maikrofoni tatu, badala ya kila mmoja kuingiza yake kwa zamu. Aliyezoea ile ya kwanza anasikia uchafu. Mimi nasikia watu watatu chumba kimoja, wanasikilizana na kusukumana, na kitu hicho hukipati kwa kurekodi mmojammoja halafu ukanyoosha kila sauti kwenye kompyuta.

Kwenye chati ya Billboard ya Marekani iliishia namba 19. Wasomaji wa jarida la muziki la Rolling Stone wakaipigia kura miongoni mwa albamu mbovu za mwaka. 2004 jarida lilelile likaipa nyota tano. Miksi ni ileile! Walioipokea upya ni wasikilizaji ambao hawakuidai ifanane na ile ya 1994.

Na sifa nazo hupotosha hivyohivyo. Be Here Now ya Oasis, bendi ya Uingereza, 1997, ilimwagiwa sifa ilipotoka, baadaye hata Noel Gallagher, mtunzi wa nyimbo zao, mwenyewe akaiponda. Kwangu mimi, zile sifa zilikuwa za albamu iliyotangulia, zimechelewa kufika.

Kinachoninyima raha ni kwamba Cuomo aliipokea ile hukumu. Akaikana Pinkerton hadharani, na kwa albamu ya 2001 bendi ikarudi kwa Ocasek, na albamu ikauza vizuri. Kwa hiyo siwezi kuwaapia vijana hawa kwamba kumsikiliza shabiki ni kosa kila mara. Hata sikio langu siliamini lote: huenda naipenda Pinkerton zaidi kwa kuwa najua mambo yaliishaje.

Lakini kurudia miksi kwa maoni ya watu waliosikiliza nusu wimbo kwenye spika ya simu, hapana. Sikilizeni albamu zenu zote mbili mwanzo mwisho, kwa spika za maana, ngoma na sauti mkizipa sikio la peke yake. Mkimaliza, njooni studio na karatasi: wimbo gani, dakika ya ngapi, nini kimewakera.