Ekskaveta inachemka na kuishiwa nguvu: sikiliza RPM kabla ya kulaumu pampu

Malalamiko huja kwa maneno yaleyale. Asubuhi mashine ina nguvu. Ikifika saa tano ndoo inapanda kwa kusuasua, mshale wa joto unasogea kwenye nyekundu, na alasiri hata mteremko mdogo haiupandi. Wengi hapo hukimbilia kununua pampu ya mtumba kabla geji ya kupima presha haijafungwa mahali popote. Mimi naanza na swali moja kwa opereta: ndoo ikizama kwenye udongo mgumu, injini inazidiwa au inazunguka kama haina kazi?

RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, ikianguka sana, moshi mweusi ukatoka na injini ikataka kuzima, basi injini haina nguvu, au pampu imekataa kupunguza mtiririko mzigo unapozidi. RPM ikikaa palepale huku ndoo haisogei, mara nyingi injini ni nzima na oili ya haidroliki inapotea ndani kwa ndani. Ni kazi ya dakika mbili, nayo inaokoa siku nzima ya kufungua nati.

Oili inayopotea ndani ndiyo inayochemsha mashine. Ikishuka kutoka presha kubwa hadi presha ya tangi bila kusukuma chochote, nguvu yote hugeuka joto. Kila bar 100 za presha zinazopotea hupandisha joto la oili kwa takriban nyuzi 6. Vali kuu ya rilifu, ile inayoachia oili presha ikizidi, kwenye mashine nyingi za tani 20 hufunguka karibu na bar 340 hadi 350, kwa hiyo oili inayopita hapo hurudi tangini ikiwa imeongezeka nyuzi 20. Uvujaji wa ndani wa lita 30 kwa dakika kwenye bar 340 ni kilowati 17: kama pasi za umeme 17 zimetumbukizwa ndani ya tangi. Na oili ikipata moto inakuwa nyepesi, ikiwa nyepesi inavuja zaidi. Ndiyo sababu mashine hiyohiyo ni nzima asubuhi na mgonjwa mchana, na ndiyo sababu kuipima ikiwa baridi hakukuambii kitu.

Ipashe moto kwa kazi, kisha pita na kipimajoto cha infraredi kwenye mipira na mabomba ya kurudi. Lililo na joto kuliko majirani zake ndilo la kufuata. Je, ni kazi moja tu iliyolegea, mfano mkono pekee? Angalia silinda yake, spuli yake (kijiti ndani ya vali kinachofungulia oili njia) na rilifu yake ndogo. Ni zote? Pima kwanza pailoti, yaani presha ndogo inayosukuma spuli, ambayo kwa kawaida ni bar 35 hadi 40. Watu huisahau, lakini ikiwa chini spuli hazifunguki vizuri na mashine yote inakuwa mlegevu hata kama pampu kuu ni nzima. Halafu funga geji ya bar 600 kwenye pampu kuu.

Mashine ikivuta upande mmoja unapoiendesha moja kwa moja, badilishana mipira ya kutokea ya pampu mbili. Ugonjwa ukihama upande, ni pampu. Ukibaki pale pale, tafuta kwenye vali, mota ya cheni au jointi ya katikati inayopitisha oili kutoka juu kwenda kwenye cheni. Kabla ya kufungua mpira wowote, teremsha ndoo chini, zima injini, chezesha leva zote na toa presha ya tangi. Usitafute uvujaji kwa kiganja. Oili ya presha hiyo hupenya ngozi.

Pampu yenyewe pima kwa mpira wake wa dreni, ule unaorudisha tangini oili iliyovuja ndani ya pampu: elekeza oili kwenye jerikani kwa dakika moja, ikiwa ya moto, ulinganishe na kipimo cha kitabu cha mashine. Usiuzibe mpira huo hata kwa sekunde chache, sili ya shafti itapasuka.

Kuna tabia inayoniumiza: kukaza skrubu ya rilifu ili nguvu irudi. Hairudishi kilichovuja. Inaongeza joto, kisha mipira inaanza kupasuka moja baada ya nyingine.

Ikiwa kinachochemka ni maji ya injini, anza na rejeta. Kwenye barabara zetu za maramu vumbi jekundu hujaa katikati, kati ya rejeta ya oili na ya maji, mahali ambapo jicho halifiki. Usianze na maji, utatengeneza matope yatakayokauka kama tofali. Puliza kwa kompresa kutoka upande ambako hewa ya feni hutokea, ukiinyoosha sawasawa ili mapezi yasikunjike. Palipoganda kwa oili paka sabuni ya kuondoa grisi, subiri dakika 10, ndipo uoshe kwa presha ndogo. Kagua mkanda wa feni na kava yake.

Kifuniko cha rejeta usikidharau. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na maji ya wazi huchemka kwa nyuzi 96 hivi; Kabale, juu zaidi milimani, karibu 94. Kifuniko kizima cha bar 0.9 hukupa takriban 115. Kilichokufa kinakunyang'anya nyuzi 20. Na usitoe thamostati, vali inayofungulia maji njia ya rejeta yakipata moto: kwenye injini nyingi ikiondolewa, sehemu ya maji hurudi injini kwa njia ya mkato bila kupita kwenye rejeta.

Upande wa dizeli, toa maji kwenye separeta (chujio linalotenga maji na dizeli) kila asubuhi, hasa mafuta yakija kwa jerikani. Nguvu ikirudi ukilegeza kifuniko cha tangi, tundu la kupumulia limeziba.

Kwenye vinamasi vya mafunjo, legeza cheni kidogo. Matope hujaa kwenye magurudumu, cheni inakazika kupita kiasi, na kutembea tu kunachemsha oili.

Mshale ukiingia nyekundu, shusha RPM na uache injini izunguke bila mzigo dakika 3 hadi 5, isipokuwa maji yamemwagika. Hapo zima mara moja. Kifuniko usikiguse mpaka kipoe.

Na kama geji imethibitisha kwamba pampu imekufa kweli, kata filta ya kurudi uangalie ndani kabla ya kufunga nyingine. Ukikuta vipande vya shaba, osha tangi, badili oili, safisha rejeta ya oili na silinda, kisha badili filta tena baada ya saa 50 za kazi. Mabaki ya pampu ya kwanza ndiyo yanayoua ya pili.