Ubora wa maisha mjini: maana yake na namna unavyopimwa

Ubora wa maisha mjini ni kiasi ambacho mji unamwezesha mkazi wake kuishi vizuri: maji anayokunywa, nyumba anayolala, muda anaopoteza njiani, usalama wa mtoto aendapo shule, na jinsi mwenyewe anavyoyaona maisha yake pale alipo. Wapangaji wa miji huupima ili wajue fedha kidogo zilizopo zianzie wapi.

Kipimo kina pande mbili. Upande mmoja ni vitu vya kuhesabika. Mwaka 2014 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kiwango cha ISO 37120, chenye viashiria vya huduma za miji na ubora wa maisha, ili miji ipimwe kwa namna moja. Upande wa pili ni kuwauliza wakazi wameridhika kiasi gani.

Kwa Arusha, upande mmoja peke yake unapotosha, na maji yanaonyesha hilo wazi. Kiashiria cha kawaida huuliza kaya ngapi zina bomba. Lakini maji mengi ya ardhini kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi itokanayo na miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akikua akinywa maji yaliyozidi hapo, meno yake ya ukubwani hutoka na madoa ya kahawia. Ikizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa huharibika. Kuchemsha hakuiondoi. Meno hayo tunayaona kwa ndugu na majirani zetu, na inauma kufikiri kwamba kwenye jedwali nyumba zao ziliandikwa tu kuwa zina maji. Hapa kiashiria lazima kiulize pia maji yana nini, yanatoka saa ngapi, na yakikatika familia inanunua ndoo kwa bei gani.

Usafiri nao una mtego wake. Chini ya Lengo la 11 la Maendeleo Endelevu la Umoja wa Mataifa, mkazi huhesabiwa kuwa amefikiwa ikiwa kituo cha basi kiko ndani ya mita 500 za kutembea. Za kutembea, si za kupiga rula kwenye ramani, maana anayekaa ng'ambo ya mto Themi hulazimika kuzunguka hadi darajani. Tena ukaribu wa kituo hausemi kama asubuhi kifodi, yaani daladala, kitafika kikiwa na nafasi.

Halafu kuna wastani, ambao huficha tofauti za watu wengi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 617,631 katika Jiji la Arusha, kutoka 416,442 mwaka 2012. Ukiyachanganya maeneo mawili ya jiji yasiyofanana, Njiro ya wenye kipato na Unga Limited yenye msongamano, upate namba moja, namba hiyo haimwelezi mkazi wa eneo lolote kati ya hayo mawili. Kwa maoni yangu takwimu zishushwe hadi ngazi ya mtaa, hata kama kazi itakuwa ndefu na ghali zaidi.

Zile orodha maarufu za miji bora duniani ni jambo jingine. Baadhi yake hutengenezwa hasa kuzisaidia kampuni kukadiria malipo ya wafanyakazi wanaohamishiwa nchi za nje. Zina kazi yake, ila hazimwambii mpangaji wa Arusha mtaa upi uchimbiwe mfereji kabla ya masika.