Kilomita moja ya ujazo sio mita za ujazo elfu moja!

Hii nimeisikia kwa wateja mpaka nimechoka. Mtu analeta mahesabu ya bwawa, kaandika kilomita za ujazo 2, mstari wa chini mita za ujazo 2,000, ukimuuliza anakujibu si kilomita moja ni mita elfu? Ndio ni elfu, ukiwa unapima barabara. Ujazo una urefu, upana na kina, na hiyo elfu inaingia kila upande, kwahiyo ni 1,000 × 1,000 × 1,000, mita za ujazo bilioni moja. Mita za ujazo 1,000 ni tenki la mita 10 kwa 10 kwa 10 tu, unalizunguka kwa miguu chini ya dakika moja! Hapo umekosea mara milioni, na bado kuna watu wanabisha.

Najua kinachowachanganya ni kilolita. Kilolita ni lita 1,000 kweli, kwasababu lita yenyewe tayari ni ujazo, hiyo kilo inazidisha mara moja imemaliza. Ila kwenye km³ ile 3 ndogo ya juu imeshika km yote, sio m peke yake. Ukienda kwa lita unapanda elfu elfu bila shida, kilolita ni mita ya ujazo 1, megalita ni mita za ujazo 1,000, gigalita ni milioni moja, teralita ndo kilomita ya ujazo sasa.

Mimi nasisitiza kitu kimoja, geuza kila kipimo kiwe mita KABLA hujazidisha. Bwawa la urefu kilomita 2, upana mita 300, kina cha wastani mita 5, andika 2,000 × 300 × 5 unapata mita za ujazo 3,000,000, yani gigalita 3. Ukizidisha 2 × 300 × 5 unapata 3,000 ya kitu ambacho hakipo, halafu unaanza kubahatisha sifuri za kuongeza.

Kuna wanaosema mL na ML ni mamoja. Hapana, m ndogo ni mili, kubwa ni mega, tofauti yake ni mara bilioni. Hiyo L ndo unaweza kuandika kubwa au ndogo, m usiiguse.

Eti kila mita ya ujazo ni tani moja: ni maji hayo, tena kwa kukadiria. Dizeli inacheza kwenye kilo 840 hivi, zege linafika tani 2.4, kwahiyo usinunue stendi ya tenki kwa kukariri.

Na hektolita haihusiani na shamba, hekto ni mia, hektolita ni lita 100. Ukitaka hesabu ya shamba, mvua ya milimita 1 kwenye hekta moja inaleta mita za ujazo 10, hektolita 100 hizo.